Jim Irwin: Moyo uliorudi na shida kutoka mwezini

Watu 12 pekee ndio wamewahi kukanyaga mwezi. Uliza mtaani, utatajiwa Neil Armstrong, labda Buzz Aldrin, halafu kimya. James Irwin alikuwa wa 8, na ndiye wa kwanza kati yao kufariki. Kilichomuua ni moyo.

Alizaliwa Pittsburgh, Marekani, Machi 17, 1930, akawa rubani wa jeshi. Mwaka wa 1961 ndege aliyokuwa akifunzia mwanafunzi ilianguka, miguu ikavunjika, nusura mmoja ukatwe. Mwingine angetafuta kazi ya ofisini. Yeye 1966 akachaguliwa na NASA.

Julai 1971 akaondoka na Apollo 15 pamoja na David Scott na Alfred Worden. Worden alibaki akizunguka mwezi. Scott na Irwin wakashuka, wakawa wa kwanza kusafiri kwa gari huko. Walitoka nje mara tatu, jumla ya saa 18 na ushee, wakichimba na kuokota mawe. Sasa, mfuko wa maji ndani ya suti ya Irwin ulikataa kufanya kazi. Jamaa alipiga kazi hiyo ya sulubu nje bila kunywa hata tone.

Na mwili ulikuwa tayari umevurugika. Huku duniani damu huvutwa kuelekea miguuni. Angani mwili hauna uzani, kwa hivyo damu hupanda kifuani na kichwani, mwili unadhani maji yamezidi, unayapunguza. Moyo nao hupata kazi rahisi na kulegea. Ndiyo maana wanaanga wengi wakirudi, wakisimama tu, presha inashuka na kizunguzungu kinawapata.

Irwin alipopaa kutoka mwezini, madaktari waliokuwa Houston wakaona mapigo ya moyo wake yameenda kombo. Hawakumwambia. Hesabu yao ilikuwa hivi: anavuta oksijeni tupu, hana uzani, mitambo inamwangalia, ni kama amelazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Kitaalamu walikuwa na hoja. Lakini si moyo ni wake? Scott, aliyekuwa kamanda, naye aliachwa gizani.

Lawama ziliangukia upungufu wa potasiamu, madini ambayo moyo huhitaji ili upige sawasawa. Wenzao wa Apollo 16 wakanyweshwa juisi ya machungwa iliyotiwa potasiamu kwa wingi, na kamanda John Young akalalamika kuhusu gesi tumboni bila kujua maikrofoni iko wazi. Dunia nzima ikasikia, aibu tupu.

Irwin aliacha NASA 1972, akaanza kuhubiri. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 43 tu, mshtuko wa moyo ukampata akicheza mpira wa mikono. Akapona, hata akaenda Uturuki kupanda Mlima Ararat akitafuta safina ya Nuhu.

Je, ni mwezi uliomharibu? Wapo wanaoamini mishipa yake ilikuwa imeanza kuziba kabla ya safari, na kazi ile bila maji ikafichua tu. Mimi naona yote mawili yanawezekana. Apollo 15 ilitua baharini Agosti 7, 1971. Irwin alifariki Agosti 8, 1991, miaka 20 na siku moja baadaye, akiwa na miaka 61.