Joginder Singh, Fundi wa Kericho Aliyeitwa Simba wa Kenya

Kila Desemba 12 inapokaribia, tunapenda kuwaletea wasomaji habari za mtu aliyelitangaza jina la nyumbani. Wanasiasa wameandikwa sana, na wanariadha vilevile. Safari hii tumemchagua fundi wa magari. Watoto wetu waliozaliwa hapa Maryland hawamjui. Sisi wazazi wao tulilijua jina lake kabla ya kujua kusoma, kwa sababu mtoto yeyote aliyekimbiza ringi ya baiskeli kwa kijiti mpaka vumbi likatimka alijiita Joginder, na dereva wa matatu aliyekata kona kwa fujo aliulizwa na abiria kama anadhani yeye ni Joginder.

Joginder Singh Bhachu alizaliwa Kericho, kwenye nchi ya majani chai, Februari 9, 1932. Wazazi wake walikuwa Masingasinga wenye asili ya Punjab, na yeye alikuwa kifungua mimba katika nyumba yenye watoto wengi. Baba yake, Battan Singh, alikuwa na gereji, na kijana alipomaliza masomo Nairobi alianzia pale wanapoanzia mafundi wote: spanaboi. Baadaye alifanya kazi ya doria katika chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi hiyo ni ya kuwasaidia madereva waliokwama njiani, na hakuna shule inayoishinda. Fundi wa gereji huletewa gari likiwa limepoa, na vifaa vyote viko ukutani. Fundi wa doria hulikuta limezimika kando ya barabara, mwenyewe amekasirika, mvua inakuja, na lazima atambue haraka kama tatizo ni moto, mafuta au maji. Sisi wauguzi tunaijua kazi ya namna hiyo. Ndiyo tofauti ya wodi na mapokezi ya dharura.

Alianza mashindano akiwa na miaka 26, mwaka 1958, na mwaka uliofuata akaingia kwenye Safari. Watoto wetu waelewe kwamba Safari haikuwa mbio za kuzunguka uwanja wenye uzio. Ilianzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikawa inafanyika wakati wa Pasaka, msimu wa masika, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikimbia maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kwenye barabara zilezile za ng'ombe, malori na watu wanaotoka kanisani. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7.

Kwa sababu hiyo, mshindi wa Safari alianza kupatikana gereji, wiki nyingi kabla ya bendera kushushwa. Gari lililotoka dukani halikufika mbali. Chini ya injini liliwekwa bamba la chuma, maana jiwe moja likipasua sampu, oili yote inamwagika na safari imeisha. Springi na shokapu zilibadilishwa kwa zile ngumu zaidi, na mahali bodi inapopata msukosuko palichomelewa na kuongezwa nguvu. Ziliongezwa taa za mbele za kupenya vumbi na ukungu. Ndani kulipangwa magurudumu ya akiba, jeki, kamba, koleo na vipuri, kila kitu na mahali pake, ili mkono ukipate gizani. Na uzito wote huo ulikuwa na bei yake, kwa sababu kila kilo uliyoongeza ilikula breki na mafuta. Fundi mzuri alijua cha kuongeza. Fundi bora alijua pia cha kuacha.

Hapo ndipo hadithi ya mwaka 1965 inapoanza. Kampuni ya Volvo ilikuwa imeleta magari yake kwenye Safari ya 1964 na hayakufua dafu. Joginder alinunua moja kati ya hayo, PV544, gari la mtumba lililokuwa limeshapigwa na barabara zetu. Umbo lake lilikuwa la kizamani, mgongo wa mviringo kama kobe, kwani lilitokana na mchoro wa miaka ya 1940, na mwaka huohuo wa 1965 Volvo walikuwa wanaacha kulitengeneza. Mwenye macho ya haraka angeliona mkweche. Fundi aliona bodi nzito iliyoungwa vizuri na injini isiyo na makuu, ya mitungi minne, ambayo mtu anaweza kuifungua mwenyewe na kuirudisha.

Aliliandaa, akaingia nalo pamoja na mdogo wake Jaswant, na Pasaka hiyo wakashinda. Waliwaacha wenzao mbali sana, zikiwemo timu zilizotoka Ulaya na mafundi wao na vipuri vyao. Hebu tuangalie kalenda. Kenya ilikuwa imekuwa Jamhuri Desemba 12, 1964. Safari ya kwanza baada ya siku hiyo ilichukuliwa na mzaliwa wa Kericho, mwana wa wahamiaji, kilemba kichwani, ndani ya gari la mtumba alilolitayarisha mwenyewe. Hakuna Mwasia aliyewahi kushinda Safari akiwa dereva mkuu kabla yake. Wageni walimwita Singasinga anayepaa. Wananchi walimwita Simba wa Kenya, na kwetu sisi jina hilo ndilo zito, maana kwenye lile la kwanza wametaja kilemba chake na kwenye la pili wametaja nchi yake.

Tuseme jambo moja kuhusu gari hilo, kwa kuwa mwandishi wa ukurasa huu hulipwa kwa kutazama majeraha. Mwaka 1959 Volvo walianza kuweka mkanda wa kiti wenye ncha tatu, ule unaopita begani na kiunoni, uliobuniwa na mhandisi wao Nils Bohlin, na PV544 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kabisa kuupata. Ni mkanda uleule mnaoufunga leo kwenda shule. Tunalisema kwa sababu tunawaona vijana wetu hapa Temple Hills, kwenye maegesho ya nyumba, wakiwa wamefungua boneti za magari ya zamani, wakibadilisha springi na ekzosi. Wazazi wengine wanaumia moyo, wanaona digrii inapotelea kwenye grisi. Hatuumii kwa hilo. Tunachoogopa ni barabara. Februari 2008 watu 8 waliokuwa wakitazama mashindano ya mtaani pale Accokeek, kwenye Indian Head Highway tunayoipita kila siku, waligongwa na gari wakafa. Aliyeandaa gari na anataka kujua lina nguvu gani, uwanja upo kule Budds Creek, wenye taa za kuanzia, kofia ngumu, ukaguzi wa gari na ambulensi inayosubiri. Joginder hakupata jina kwa kukimbizana na majirani barabarani.

Na kwa vijana wanaouliza kama huku Marekani kulikuwa na mtu wa aina yake, jibu liko Virginia, jirani zetu. Wendell Scott wa Danville, Mmarekani Mweusi aliyekuwa fundi jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alijitengenezea magari yake mwenyewe, mengi yakiwa ya mtumba, akashinda mbio za NASCAR kule Jacksonville, Florida, Desemba 1, 1963. Ilikuwa siku 11 kabla ya uhuru wetu. Ushindi alitangaziwa kwanza mzungu, na kosa hilo likarekebishwa baadaye, mashabiki wakiwa wamekwenda zao. Alifariki mwaka 1990.

Turudi kwa Joginder. Baada ya ushindi wa 1965 siku hazikuwa nyepesi kwa watu wa jamii yake. Sheria za mwaka 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana Waasia wasio raia, na maelfu walipanda ndege kwenda Uingereza, ambayo nayo mwaka 1968 ikaanza kuwafungia mlango. Sisi tunaoishi kwa makaratasi tunajua usingizi wa miaka kama hiyo ulivyo. Joginder aliendelea kukaa, na kila Pasaka aliendelea kujipanga kwenye mstari wa kuanzia.

Mwaka 1974, akiwa na miaka 42, alishinda mara ya pili, safari hii na David Doig ndani ya Mitsubishi Lancer ya sisi 1600. Aliyekuja wa pili alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi kwenye Porsche 911, gari lenye nguvu zaidi kwa mbali. Lakini matope hayaulizi bei. Mwaka 1976 Joginder na Doig walirudia, na Mitsubishi wakachukua nafasi zote tatu za kwanza. Ndipo Wakenya wengi walipozoea kuona Lancer barabarani.

Ushindi tatu ni mwingi, ingawa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikuja kufikisha mitano. Ila mafundi wakikaa kuzungumza hutaja hesabu nyingine ya Joginder. Alianza Safari 22, akamaliza 19. Kwenye mashindano yaliyokuwa yakiacha zaidi ya nusu ya magari porini, yeye alirudi nyumbani na gari lake karibu kila mara.

Alifariki London Oktoba 20, 2013, akiwa na miaka 81.