Luigi Broglio na Mwanga Usioonekana

Mto Athi, unaopita mpakani mwa Kitui na Makueni, hubadilisha jina njiani na kuingia baharini kaskazini mwa Malindi ukiitwa Sabaki. Kaskazini zaidi, katika Ghuba ya Ungwana, yalisimikwa majukwaa ya chuma kwa juhudi za Mwitaliano Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, tarehe 11 Novemba 1911. Alikuwa mhandisi, afisa wa jeshi la anga na profesa mjini Roma. Mwaka 1964 aliwaongoza Waitaliano kurusha setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1, kutoka Marekani. Wengine wangeridhika, yeye alitaka ikweta. Hapo mzunguko wa dunia huisaidia roketi, na setilaiti izungukayo juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya mnururisho unaovuruga vifaa vya uchunguzi. Hata hivyo, roketi zenyewe zilikuwa za Wamarekani, na huo ndio uliokuwa udhaifu wa mradi wake.

San Marco 2 ilirushwa kutoka Ungwana tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, ilirushwa hapo setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Msimamizi wake, Marjorie Townsend, aliipa jina Uhuru. Orodha yake ya nne ina vyanzo 339, na wanafalaki bado huvitaja kwa herufi U. Ni maneno machache ya Kiswahili yaliyofika mbali hivyo bila msaada wa mshairi.

Safari isiyotajwa sana ni ya tarehe 25 Machi 1988. Setilaiti ya mwisho ya San Marco ilibeba spektromita ya kuchambua mwanga wa jua na mng'ao wa hewa ya juu, ukiwamo urujuanimno, ambao mwingi wake huzuiwa na angahewa usifike ardhini. Mng'ao huo husumbua kila darubini ya urujuanimno inayozunguka karibu na dunia, kwani huchanganyika na mwanga wa nyota. Mbunifu wa darubini asiyejua nguvu yake katika kila urefu wa wimbi hawezi kuamua achuje nini na abakishe nini.

Setilaiti hiyo iliteketea kabla ya mwaka kwisha. Broglio aliishi miaka 12 zaidi bila kuona nyingine ikirushwa kutoka Ungwana, akafariki tarehe 14 Januari 2001. Kituo cha Malindi sasa kina jina lake.