Apolo Kivebulaya: mwinjilisti aliyefukuzwa Boga, akarudi

Miaka hii ya nyuma, jina la Boga likitajwa kwenye redio hapa Bunia, watu wananyamaza kwanza. Wanangoja kusikia ni wangapi. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Mei 2021, watu zaidi ya 50 waliuawa Boga na Tchabi, katika territwari ya Irumu. Siku chache baadaye hospitali kubwa ya Boga iliporwa, sehemu yake ikachomwa moto, na watu kwa maelfu wakakimbia.

Lakini hiyo tarehe 30 Mei ilikuwa na maana nyingine kwa watu wa Boga, tangu zamani sana. Ni siku aliyokufa mzee Apolo Kivebulaya, pale pale Boga, mwaka wa 1933. Waanglikana wanamkumbuka siku hiyo kila mwaka. Wazee wanajua habari zake. Vijana wengi wa mjini wamelisikia jina tu, na wengine wanafikiri alikuwa mzungu kwa sababu ya hilo neno bulaya lililo ndani yake.

Hakuwa mzungu. Alikuwa Muganda, alizaliwa karibu mwaka wa 1864, pacha. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Waswa, jina ambalo Waganda wanampa mtoto wa kiume anayetangulia katika mapacha. Kuhusu hilo la Kivebulaya, inasimuliwa kwamba alipenda kuvaa koti jekundu la askari juu ya kanzu yake nyeupe, na watu wakamwita kwa lile koti: kitu kilichotoka Ulaya. Jina la mzaha likamshika mpaka kaburini.

Alikua katika Buganda ya fujo. Kwanza alikutana na Uislamu, halafu na wale walioitwa wasomaji, maana wakati ule mtu akitaka kuwa Mkristo ilibidi aanze kwa kujifunza kusoma. Mwaka wa 1885 na 1886 Kabaka Mwanga aliwaua vijana wa ikulu yake waliokataa kuacha imani. Kisha zikaja vita za dini: Waislamu, Wakatoliki, Waprotestanti, kila kundi na bunduki zake. Waswa alishika silaha kama vijana wenzake. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuhubiri kwetu hakuwa mtoto wa sakristia. Alikuwa ameona watu wanauana huku kila upande unamtaja Mungu, jambo ambalo mkaaji wa Ituri hahitaji kuelezwa mara mbili.

Alibatizwa tarehe 27 Januari 1895, akachukua jina la Apolo. Apolo wa Biblia anapatikana katika Matendo ya Mitume, sura ya 18. Alikuwa Myahudi wa Aleksandria, mjuzi wa Maandiko, msemaji hodari. Alipokuwa akihubiri Efeso, mke na mume waliokuwa mafundi wa kushona hema, Prisila na Akila, waliona kuna kitu anakosa. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua pembeni wakamwelewesha, naye akakubali kufundishwa na mafundi wa mikono. Kwa mhubiri mwenye jina kubwa, hilo si jambo dogo, zamani wala leo.

Mwaka huohuo wa 1895 Apolo alijitolea kwenda Toro, na mwezi wa Desemba 1896 akatumwa mbele zaidi, ng’ambo ya milima ya Ruwenzori na mto Semliki, kwa sultani Tabaro wa Boga. Walikuwa wametangulia wainjilisti wawili Waganda, Petero Nsugerwa na Sedulaka Makwata. Hawakudumu. Sultani hakutaka kuwalisha, nao wakarudi.

Ni rahisi kumfanya Tabaro kuwa mtu mbaya wa hadithi. Mambo hayakuwa hivyo tu. Ng’ambo ya mlima, mfalme Kasagama wa Toro alikuwa amerudishwa kwenye kiti kwa nguvu za Waingereza, akabatizwa mwaka uleule wa 1896 kwa jina la Daudi. Kila mtu aliyetoka kule na kitabu mkononi, machoni pa Tabaro alifanana na ndugu wa mtu anayekuja kudai kodi. Tena mgeni huyu alisema wazi dhidi ya pombe, dhidi ya wake wengi, dhidi ya hirizi. Sultani angefurahi kwa sababu gani?

Apolo naye aliona mapema kilichowashinda wenzake: tumbo. Mwinjilisti anayengoja sultani amlishe, ananyamazishwa na sultani siku anapofunga ghala. Kwa hiyo alishika jembe. Alilima chakula chake mwenyewe, akajenga nyumba kwa mikono yake, akafundisha watu kusoma. Mtume Paulo alifanya hivyo hivyo Korintho: alishona hema pamoja na Prisila na Akila, akawakumbusha watu kwamba hakula chakula cha bure cha mtu yeyote. Haikuwa kwamba mhubiri hana haki ya kusaidiwa. Paulo mwenyewe aliandika kwamba haki hiyo ipo. Ila aliona kuna mahali ambapo haki hiyo ukiidai, Injili inasimama mlangoni.

Watu wakaanza kuja, wachache, na wengine wakatoa hirizi zao zichomwe. Hapo hasira ya sultani ikapanda. Apolo alipigwa, nyumba yake ikachomwa moto, watu wakakatazwa kumuuzia chakula.

Kisha likatokea jambo baya kabisa. Wakati wa kazi ya ujenzi, mkuki ulikuwa umefichika katika majani. Dada wa sultani akauangukia, akafa. Ilikuwa ajali. Lakini katika nchi yenye kushukiana, ajali haipo. Mtu akifa lazima apatikane mwenye kosa, na mgeni yuko karibu. Apolo akashitakiwa kwamba ndiye aliyesababisha kifo, akapelekwa Toro akiwa mfungwa, akatupwa gerezani chini ya utawala wa Waingereza. Walewale ambao Tabaro aliwadhania kuwa mabwana wa Apolo ndio waliomfunga.

Katika siku hizo za mateso, Apolo alisimulia baadaye, alimwona Yesu katika maono, aking’aa kama jua, akimwambia asiogope. Mtu anaweza kuamini au kuacha. Kinachojulikana ni alichofanya baada ya hapo. Ilipoonekana kwamba hana hatia akaachiliwa, angeweza kubaki Toro, penye Wakristo wengi na mfalme Mkristo. Alivuka tena Semliki, akarudi Boga, kwa mtu yuleyule aliyemshitaki.

Tabaro alimtazama akirudi bila silaha na bila kudai fidia. Haikuchukua muda mrefu sultani mwenyewe akaomba kufundishwa, akabatizwa, akaitwa Paulo. Jina hilo halikuanguka tu kutoka mbinguni. Paulo wa kwanza naye alianza kwa kuwasaka waumini na kuwatia gerezani, na kanisa la kwanza lilipata shida kubwa kumpokea. Kule Dameski Anania aliogopa kwenda kwake. Yerusalemu wanafunzi hawakuamini mpaka Barnaba alipomshika mkono akawapelekea. Kusamehe mtu wa mbali ni rahisi. Aliyechoma nyumba yako, ukimwona amekaa kwenye benchi moja na wewe siku ya Yenga, ndipo imani inakuwa kazi. Hapa Ituri, ambapo watu wa kabila moja na lingine wamezika wengi tangu mwaka wa 1999, makanisa mengine bado yanaulizana kimyakimya nani atakaa karibu na nani.

Baadaye Apolo aliitwa kufanya kazi Toro. Alifanywa shemasi mwaka wa 1900 na kasisi mwaka wa 1903. Hakuoa. Inasimuliwa kwamba msichana aliyekuwa amemchumbia alikufa, naye akaamua kubaki hivyo. Miaka ikapita, na wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakivuta mipaka kwenye karatasi. Boga, iliyokuwa inatazama Toro kwa lugha, ndoa na biashara, ikajikuta ndani ya Kongo ya Wabelgiji. Wakristo wengi wakavuka kwenda upande wa Uganda, na kanisa la Boga likabaki kama nyumba isiyo na mwenyewe.

Apolo akarudi tena, karibu mwaka wa 1915. Hakuwa kijana sasa; alikuwa amepita miaka 50. Na mazingira yalikuwa magumu kwa namna nyingine. Utawala wa Ubelgiji uliyapendelea mashirika ya Kikatoliki, na ulitazama kwa jicho la pembeni kanisa lililotoka eneo la Waingereza. Katika maisha yake yote ya Boga, hakukuwa na mmishenari mzungu aliyekaa pale kumsimamia. Kanisa lile lililelewa na Mwafrika mmoja pamoja na walimu aliowafundisha yeye mwenyewe, wakitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji. Mwaka wa 1922 alipewa cheo cha kanoni katika kanisa kuu la Namirembe, Kampala. Cheo hakikumwondoa Boga.

Kuanzia mwaka wa 1921 aliuelekeza uso wake msituni, kwa Wambuti. Anayejua maisha ya pembeni ya msitu anajua jinsi watu hawa wanavyotendewa hata leo. Wanalima shamba la mtu, wanaleta nyama na asali, halafu sahani yao inawekwa mbali. Wakati wa Apolo, wanavijiji wengi waliwahesabu kama mali ya mtu, si kama jirani. Waumini wenyewe wa Boga hawakuelewa kwa nini kanoni mzee apoteze nguvu zake huko.

Aliingia. Alilala katika kambi zao, akajifunza maneno yao, akafundisha kusoma, na Injili ya Marko ikatafsiriwa katika lugha yao. Wengine walibatizwa kabla hajafa. Kanisa la kwanza lilipitia mtihani huohuo, tena kwa aibu. Yerusalemu wajane wa wanaosema Kigiriki walisahauliwa katika kugawiwa chakula, mpaka wakachaguliwa watu saba wa kusimamia jambo hilo. Antiokia, Petro mwenyewe alikula na watu wa mataifa, halafu walipofika wageni kutoka Yerusalemu akajitenga, na Paulo akamkemea mbele ya wote. Mara zote mbili ugomvi ulikuwa juu ya chakula: nani anakula, na pamoja na nani. Mitume hawakuona kwamba hilo ni dogo kuliko mahubiri.

Mjini Bunia leo, uinjilisti umepata sauti kubwa. Kuna makrozedi yenye vipaza sauti, mabango yenye picha ya mtumishi, sadaka za namna mbalimbali. Si vyote vibaya, na watu wengi wamepata faraja ndani yake katika miaka ya vita. Lakini ni wangapi katika watumishi hao walioingia kambi ya wahami wakakaa, si siku ya kupiga picha, bali wiki ya pili na ya tatu? Na Wambuti wanaofika pembeni ya mji, ni makanisa mangapi yanajua majina yao?

Mwanzoni mwa 1933 Apolo aliugua. Alikwenda Kampala kwa matibabu, na alipoona kwamba mwisho umekaribia aliomba arudishwe Boga afie huko. Akavuka Semliki kwa mara ya mwisho. Inasimuliwa kwamba alitoa agizo moja juu ya kaburi lake: kichwa kielekezwe magharibi, upande wa msitu, si mashariki alikotoka, ili watu wajue kwamba kazi inasonga huko.

Kwa muda mrefu haikusonga sana. Mashirika ya Kiprotestanti yalikuwa yamegawana maeneo, na Waanglikana wakabaki Boga na pembeni yake mpaka uhuru wa 1960. Baada ya hapo ni watu wa kawaida walioipeleka: waalimu, wauguzi, wachuuzi, wanawake walioolewa mbali, wakimbizi wa vita ya Wasimba. Walihama, wakakusanyika nyumbani kwa mtu, wakaomba kwa namna ya Boga. Mwaka wa 1972 dayosisi ya Boga-Zaïre ikaanzishwa, na mwaka wa 1992 kanisa la nchi nzima likawa jimbo lenye kujitegemea. Askofu mkuu wake wa kwanza, Patrice Njojo, alikuwa askofu wa Boga.

Kaburi liko Boga bado. Kutoka pale, ukifuata upande alioelekezwa kichwa, unaingia katika msitu unaokwenda mpaka upande wa Mambasa, ambako vijiji vingi vimebaki bila watu na Wambuti nao wamekimbia kambi zao. Wahami waliotoka Boga mwaka wa 2021 walitawanyika: wengine Bunia, wengine Gety, wengine walivuka Semliki kuingia Uganda, kwa njia ileile aliyokuja nayo Apolo. Wengine wameanza kurudi. Kila usalama unaporuhusu, tarehe 30 Mei bado wanaomba pale.