Kabuye wa Biharamulo: Mbunge pekee wa TLP

Ikitajwa Biharamulo, wengi humkumbuka John Magufuli, aliyeingia bungeni mwaka 1995 kwa jimbo la Biharamulo Mashariki. Lakini wenzao wa Magharibi walishika njia yao. Mwaka 2000 walimchagua Phares Kabuye wa TLP, chama cha Augustine Mrema.

Mwaka huo TLP ilipata pia Vunjo na Moshi Vijijini, nyumbani kwa Mrema. Ilikuwa rahisi kudhani kuwa chama ni mwenyekiti. Uchaguzi wa 2005 ukatoa jibu. CCM ilizoa majimbo 206 kati ya 232, na Kilimanjaro TLP ikatoka mikono mitupu. Nchi nzima ilibakiwa na jimbo moja tu: Biharamulo Magharibi.

Kabuye akarejea Dodoma akiwa peke yake kutoka chama chake. Mwaka 2009 alifariki katika ajali ya basi mkoani Morogoro. Naam, mbunge ndani ya basi, pamoja na wapiga kura. Uchaguzi mdogo wa Julai mwaka huo CCM ikashinda. 2010 jimbo likaenda CHADEMA. Jimboni hapo TLP haikurudi tena.

Ndugu Waislamu, hapa pana funzo. Kura ni amana. Wale wa Biharamulo walimtazama mtu, chama kikafuata. Sisi wa mijini, tunaosikiliza khutba kila Ijumaa, bado twauliza kwanza rangi ya bendera na nani kagawa kanga. Amana hiyo tutaulizwa.