Ebbinghaus, Mjerumani Aliyepima Kusahau

Ndugu wanashule wenzangu, tuliolala bweni moja mtakumbuka nilivyojifunika blanketi usiku wa kuamkia mtihani, tochi mkononi, nikikariri tarehe za historia. Asubuhi nilikuwa nazo zote. Likizo ilipofika zilikwisha yeyuka. Nilidhani nina kichwa kizito, mpaka chuo cha ualimu kiliponifundisha habari za Hermann Ebbinghaus.

Bwana huyu alizaliwa Barmen, Ujerumani, mwaka 1850. Masomo yake katika Chuo Kikuu cha Bonn yalikatizwa na vita vya 1870 dhidi ya Ufaransa, akaenda jeshini, kisha akarudi na kupata udaktari wa falsafa mwaka 1873. Baadaye alikaa Uingereza na Ufaransa akijikimu kwa kufundisha. Katika duka la vitabu vikuukuu alikuta kitabu cha Gustav Fechner juu ya kupima hisia kwa hesabu. Akaona kumbukumbu nayo yaweza kupimwa.

Hakuwa na maabara wala wanafunzi wa kuwajaribu, basi akajijaribu mwenyewe. Alitunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana, akawa anazikariri kwa mfululizo na kujipima baada ya dakika, siku, hata mwezi. Matokeo aliyachapisha mwaka 1885. Saa moja tu ikipita, zaidi ya nusu ya jasho la kukariri lilikuwa limepotea. Baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Baada ya mwezi, moja ya tano hivi. Lakini lililonichoma mimi ni hili: kurudia mara 38 kwa kugawanya siku tatu kulimfaa sawasawa na kurudia mara 68 kwa siku moja. Laiti ningalijua kule chini ya blanketi!

Berlin hawakumpa haki yake, kwa maoni yangu. Mwaka 1894 uongozi wa saikolojia alipewa Carl Stumpf, naye Ebbinghaus akahamia Breslau, ambayo leo ni Wrocław nchini Poland. Huko alitunga mtihani wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi katika maandishi, ili kupima uchovu wa watoto shuleni. (Jaza nafasi! Nani kati yetu hakuionja?) Mwaka 1905 alihamia Halle, na nimonia ikamwua huko mwaka 1909, akiwa na miaka 59.

Mwaka 2015 watafiti wawili wa Amsterdam walichapisha jaribio lile lile upya, mmoja wao akiwa amekariri silabi kwa saa 70. Mchoro wao ulikaribiana sana na ule wa mzee.