Mshamba Aliyekuja Kuwa Waziri Mkuu

Mazoezi ya kufundisha mwaka huu nimeyafanyia nyumbani, Mafia. Siku moja wanafunzi wangu waliigiza kichekesho walichokiona kwenye simu. Aliyepewa nafasi ya mshamba hakufikiri mara mbili, akaanza kuongea kama bibi yake wa Jibondo. Darasa zima likaangua kicheko. Watoto wa kisiwani, wanajicheka wenyewe! Na mimi mwalimu wao nikacheka. Baadaye njiani nikamkumbuka mtu mmoja, nikaona aibu.

Mtu huyo ni Rashidi Mfaume Kawawa. Wengi wetu tunamjua kama Simba wa Vita, au kama jina la barabara tunayopita na daladala pale Dar. Kwamba aliwahi kuwa mwigizaji wa vichekesho, hilo wengi hatulijui.

Kawawa alizaliwa mwaka 1926 huko Songea, mtoto wa mwindaji wa tembo. Alisoma Tabora, shule ileile aliyosoma Nyerere, kisha akawa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali hiyo iliikaribisha kampuni ya Afrika Kusini, African Film Productions, ije kutengeneza filamu za Kiswahili Tanganyika. Kijana Kawawa akaingia humo, na katika filamu ya Muhogo Mchungu akawa mhusika mkuu. Usimchanganye na mzee wetu wa tamthilia aliyelitumia jina hilo miaka mingi baadaye.

Kisa chenyewe ni chepesi: mtu wa shamba anakuja Dar es Salaam, hajui mji, wajanja wanamlaghai. Watu wanacheka. Lakini hebu tujiulize, nani aliamua kwamba huyo ndiye wa kuchekwa? Wenye fedha na kamera walikuwa wageni. Enzi hizo wapo wataalamu wa filamu wa Kiingereza walioamini kuwa Mwafrika haelewi filamu ya kasi, eti atengenezewe ya polepole, yenye funzo. Kwa hiyo mshamba yule alikuwa kichekesho na onyo pia: baki kijijini kwako.

Hata hivyo, kulikuwa na upande wa pili. Mtazamaji alimwona Mwafrika ndiye mwenye kisa, si mbeba mizigo anayepita nyuma ya mzungu. Na alimsikia akiongea Kiswahili.

Kawawa hakukaa sana kwenye filamu. Mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, akiwasemea watu ambao kwenye filamu wangekuwa wa kuchekwa tu: makuli, wahudumu, vibarua wa mashamba ya mkonge. Januari 1962 Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, nafasi ile akapewa Kawawa, akiwa na miaka 35. Serikali yake ikaharakisha kuwaweka Waafrika kwenye ofisi zilizokuwa za wazungu.

Tusimfanye malaika, lakini. Mwaka huohuo wa 1962 zilipita sheria za kubana migomo na za kumweka mtu kizuizini bila kesi. Yaani mtu wa wafanyakazi, alipofika juu, aliwapunguzia wafanyakazi sauti. Baadaye alikuwa Makamu wa Rais, na tena Waziri Mkuu kuanzia 1972 hadi 1977. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009, wengi wetu tukiwa bado wadogo kabisa.

Mimi naona maisha yake yanatufundisha jambo moja sisi tunaosomea ualimu. Kuonekana kwenye filamu ni hatua, ila haitoshi. Lazima uulize nani anaandika kisa na nani anachekwa. Leo kamera ni zetu na waandishi ni wetu, lakini mshamba bado ni yule yule: lafudhi ya kwao, nguo za kwao, na hapa chuoni ndiyo utani tunaowafanyia wa mwaka wa kwanza.

Wiki iliyofuata niliwaambia wanafunzi wangu waigize upya. Safari hii mjanja wa Dar ndiye apande boti Nyamisati kuja Kilindoni, bahari ikiwa imechafuka. Walicheka zaidi ya mara ya kwanza. Na yule wa Jibondo ndiye aliyekuwa nahodha.