JM Kariuki: Sonko wa Gilgil aliyeuliza ardhi ilienda kwa nani

Kabla hujamcheka rafiki yako anayebeti kila wikendi, jua kwamba mmoja wa wabunge waliowahi kuikosesha usingizi serikali ya Kenya alirudi shule kwa pesa za kubeti. Mwaka wa 1946, Josiah Mwangi Kariuki alikuwa kijana aliyeacha masomo kwa kukosa karo. Akaweka pesa kwenye mbio za farasi, farasi wake akashinda, na kijana akarudi darasani. (Usijaribu hiyo njia na pesa za rent. Yeye alibahatika.)

Alizaliwa mwaka wa 1929 huko Kabati-ini, Bonde la Ufa, katika familia iliyotoka Nyeri na kuishi kama maskwota kwenye shamba la mzungu. Skwota alilima na kufuga pale kwa ruhusa ya mwenye shamba, akilipia ruhusa hiyo kwa jasho lake, na angeweza kufukuzwa wakati wowote. Ukitaka kuelewa kwa nini JM, jinsi Wakenya walivyomwita, hakuwahi kunyamaza kuhusu ardhi, anzia hapo.

Baada ya shule ya msingi alivuka mpaka hadi King's College Budo, Uganda. Aliporudi nyumbani mwaka wa 1952, serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari. JM alifungua hoteli mjini Nakuru, na nyuma ya chai na mandazi akawa anawasaidia wapiganaji wa Mau Mau kwa pesa, viatu na mahali pa kulala. Mwaka wa 1953 akakamatwa.

Miaka saba iliyofuata aliizungusha katika kambi za kizuizini, zikiwemo Manyani na Lodwar. Huko ndiko alikozoea kuwauliza wakubwa maswali. Aliandika barua kulalamikia hali ya wafungwa na kuzipenyeza nje ya kambi, na kila zilipojulikana alichapwa. Aliendelea kuandika. Alitoka mwaka wa 1960, na mwaka wa 1963 akachapisha kitabu, Mau Mau Detainee, kilichosomwa sana humu nchini na ng'ambo.

Uhuru ulipokuja, mambo yalimnyookea. Akawa katibu wa kibinafsi wa Mzee Jomo Kenyatta, akahusika na kuanzishwa kwa NYS, akaingia Bungeni, na baadaye akawa waziri msaidizi. Pesa zikaingia. Alikuwa na shamba Gilgil, alipenda magari na suti kali, na hakuwahi kuacha farasi: Ngong Racecourse walimjua vizuri. Kwa lugha ya leo, huyu alikuwa sonko. Tena sonko wa kutoa, kwani kwenye harambee za shule na hospitali alikuwa akichanga pesa nyingi kiasi cha kuwaudhi wakubwa wenzake walioitwa wageni wa heshima.

Wakosoaji wake walimshikia hapo hapo, na si bure. Mtu mwenye shamba kubwa na dau la farasi anawatetea vipi wasio na shamba? Hilo ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba wenzake wengi walikuwa na mashamba makubwa kuliko yake, na walinyamaza. Yeye alitaka sheria iweke kikomo cha ekari ambazo mtu mmoja anaweza kumiliki, na sheria kama hiyo ingemgusa yeye pia.

Hapa itabidi tuingie kwenye hesabu kidogo, maana ugomvi wenyewe ulikuwa wa hesabu. Wazungu walipoanza kuondoka, serikali ilikopa pesa kutoka Uingereza na Benki ya Dunia ili kununua mashamba yao na kuyagawa kwa Waafrika. Mpango wa ekari milioni moja ulizipa makao familia takriban 35,000. Sikia sasa: familia hizo hazikupewa ardhi, ziliuziwa kwa mkopo. Mtu ambaye babake alifukuzwa kwenye ardhi alikuwa akilipa deni ili airudishiwe kipande chake, na pesa zikaishia kwa aliyemfukuza. Na wakati huo huo mashamba mengine makubwa yalinunuliwa mazima mazima na vigogo wa serikali na marafiki zao, waliojua mlango wa benki uko wapi.

JM aliuliza Bungeni na mikutanoni: kwa nini tulipe ardhi iliyoibwa? Na hizo ekari elfu ngapi za mtu mmoja, alizipata vipi akiwa kwenye mshahara wa serikali? Mwaka wa 1971 swali hilo lilizidi makali, kwa sababu Tume ya Ndegwa ilipendekeza watumishi wa umma waruhusiwe kufanya biashara zao binafsi huku wakiwa kazini. Afisa anayetoa leseni sasa angeweza kuwa pia mwenye duka linaloomba leseni. Mwaka uliofuata, Shirika la Kazi Duniani likatoa ripoti yake kuhusu Kenya, ikionyesha pengo la mapato na umati wa watu waliojiajiri vichochoroni bila msaada wa serikali, wale ambao leo tunawaita jua kali. Ripoti ya wageni ilikuwa inasema kwa takwimu yale ambayo JM alikuwa akiyasema kwa sauti.

Kauli yake iliyobaki midomoni mwa watu ilikuwa onyo kwamba Kenya ilikuwa inageuka nchi ya mamilionea kumi na masikini milioni kumi. Sensa ya 1969 ilihesabu Wakenya karibu milioni 11, kwa hiyo kila aliyemsikia alijua yuko upande gani wa hesabu hiyo.

Serikali ilijibu kwa kumfungia milango. Mikutano yake ilinyimwa vibali. Katika uchaguzi wa 1974 hakuruhusiwa kufanya kampeni za kawaida, lakini watu wa Nyandarua Kaskazini walimrudisha Bungeni. Safari hii hakupewa uwaziri msaidizi. Akabaki na kiti cha nyuma na mdomo wake.

Mapema 1975 Nairobi ilianza kulipukiwa na mabomu. Machi 1, bomu liliripuka ndani ya basi pale OTC, stendi ambayo hadi leo makanga huitaja kwa jina hilo, na watu 27 wakafa. Jiji lilijaa hofu. Kesho yake, Jumapili Machi 2, JM alionekana kwa mara ya mwisho akitoka Hilton Hotel pamoja na Ben Gethi, aliyekuwa mkuu wa GSU.

Siku zikapita. Familia ilimtafuta, wabunge wakauliza, serikali haikuwa na jibu la maana. Gazeti moja likaandika kwamba yuko Zambia. Ukweli ni kwamba Machi 3 mchungaji wa Kimaasai alikuwa ameshakuta maiti kwenye vichaka vya Ngong, imepigwa risasi na kuharibiwa, na maiti hiyo ilikuwa imelala mochari ya jiji kama ya mtu asiyejulikana. Mbunge ambaye sura yake ilikuwa magazetini kila wiki, asijulikane! Machi 11, wake zake ndio waliomtambua.

Wanafunzi wa chuo kikuu waliingia barabarani. Bunge nalo, kwa mara moja, likakataa kutulizwa. Liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, na kamati ikawahoji polisi, maafisa wa usalama na watu wa Hilton. Ripoti iliwasilishwa Juni 3, 1975, lakini si kabla Rais hajaagiza majina mawili ya watu wake wa karibu yaondolewe. Hata baada ya kukatwa hivyo, ripoti ilisema wazi kwamba polisi walikuwa wameficha mambo na kwamba maafisa kadhaa walistahili kuchunguzwa zaidi.

Kura ilipopigwa, waliounga mkono ripoti walikuwa 62 na waliopinga 59. Fikiria uzito wa kura hiyo. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu walipiga kura dhidi ya serikali yao wenyewe. Wote watatu walifutwa kazi.

Na Bunge likaanza kulipishwa. Oktoba mwaka huo huo, Martin Shikuku alisema kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge jinsi walivyoiua KANU. Alipotakiwa kuthibitisha, Naibu Spika Jean-Marie Seroney, aliyekuwa kwenye kiti, akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye polisi waliwakamata wote wawili katika majengo ya Bunge. Walikaa kizuizini bila kesi hadi Desemba 1978, baada ya Kenyatta kufariki.

Kila Machi 2, kwa miaka mingi, wanafunzi wa Nairobi waliandamana kumkumbuka JM, na kila mara walikutana na marungu na vitoa machozi. Wengi wa wanafunzi hao sasa ni babu na nyanya. Kamati ya Mwangale iliwataja maafisa ilioona wanastahili kuchunguzwa zaidi, lakini hakuna mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji ya JM Kariuki.